Rangi ya Ukuta Uliokauka

Songea, 11 Januari 2025

Yeyo, mama yangu mpendwa,

Takwenya, na shikamoo juu yake. Habari za Lengijave? Kifua kinaendeleaje? Na yule ng'ombe wa pembe moja bado anakusumbua? Mimi huku ni mzima. Shule imefunguliwa, nina madarasa matano, na sauti imeshaanza kunikauka.

Simu uliikataa tangu masikio yalipoanza kukuangusha, kwa hiyo nitaendelea kuandika. Evaresta atakuletea barua kwenye simu yake akirudi kuuza maziwa mjini, na za kwako atazipiga picha anitumie. Evaresta jirani yetu, pokea salamu, halafu mpe Yeyo simu asome mwenyewe.

Yeyo, nyumba imekwisha! Miaka sita, lakini imekwisha. Bati liko juu, madirisha yana vioo, ndani kumepigwa plasta, sebuleni kuna marumaru. Imebaki rangi tu. Nimenunua ndoo kumi za rangi nyeupe, ziko stoo, na nimeongea na fundi mmoja wa Ngarenaro, pale mjini, anaitwa Gadiel, atakuja kupaka. Nataka masika yakukute umehamia. Nyumba ya zamani ukuta wake wa nyuma umeshaachana na nguzo, mwaka jana ilibaki kidogo tu uanguke, na daktari alisema moshi wa mle ndani ndio unaokula kifua chako. Naogopa, Yeyo. Sitaki mvua inyeshe huko mimi niko Songea nawaza ukuta.

Ni mimi mwanao,
Naisiae

Lengijave, 14 Januari 2025

Naisiae mwanangu,

Iko, na marahaba. Kifua kinakohoa lakini hakijaniua. Pembe Moja amezaa dume. Evaresta anasema salamu zimefika, na anasema yeye hasomi barua za watu, anapiga picha tu. Nimemuuliza mbona alicheka kabla sijamwambia nimeandika nini.

Sasa nisikilize. Nyumba nimeiona. Kila jioni nikitoka kukamua naipitia, nagonga ukuta, mgumu. Baba yako angekuwa hai angezunguka kata nzima akijisifu. Asante mwanangu, Mungu akuongezee ulipopunguza. Lakini siingii.

Usikasirike, nakueleza. Hii ninayokaa, baba yako na ndugu zake walisimamisha miti, wakafunga fito, wakaenda zao kunywa. Aliyekandika ni mimi, nikiwa na mimba yako. Udongo, samadi na jivu nilivikanda kwa miguu, nikasiriba kwa mikono hii, na kila mwaka mvua zikiisha narudia. Ndiyo maana hajatokea mtu wa kuniambia toka. Hata baba yako, hasira zikimpanda, aliyetoka ni yeye. Mwanamke wa huku ana nyumba kwa sababu ameikandika. Sasa hiyo ya tofali nimekandika nini? Nikiingia nitakuwa mgeni, na mgeni siku ya tatu hupewa jembe.

Halafu nyeupe! Nyeupe ni ya zahanati. Nikifumbua macho asubuhi nitadhani nimelazwa.

Mama yako

Songea, 16 Januari 2025

Yeyo,

Shikamoo. Hongera kwa dume. Hapo pa zahanati nimecheka ofisini mpaka walimu wenzangu wakataka niwasomee, nikakataa.

Haya, nyeupe tuiache. Wewe sema rangi. Siku hizi mjini kuna maduka yenye mashine. Unawapelekea kitu chochote, kitambaa, jani, hata kipande cha chungu, wanakimulika, mashine inachanganya rangi kama hiyohiyo. Unataka rangi gani? Chagua, Gadiel ataipaka, ile nyeupe itakwenda kwenye dari. Ukiwa umechagua wewe, si ni kama umekandika?

Nakuomba Yeyo. Mwezi wa tatu hauko mbali.

Mwanao,
Naisiae

Lengijave, 27 Januari 2025

Naisiae,

Marahaba. Wote wazima, na Pembe Moja anatoa maziwa mpaka Evaresta anaomba ndoo ya pili.

Kuchagua si kukandika, usinidanganye kama mtoto. Lakini nilichagua. Nilibandua kipande cha ukuta karibu na kitanda changu, pale palipolainika kwa kuegemewa miaka yote, nikampa Evaresta akipeleke kwenye hiyo mashine yenu. Unaijua rangi yake. Si nyekundu, si njano, na kahawia yenyewe haijafika. Ni chai iliyopikwa na mtu asiyebania maziwa. Ukiikalia jioni, moto ukiwaka, unajisikia umefika kwako. Hiyo ndiyo nataka, na si nyingine.

Gadiel akaja na ndoo nne za hiyo rangi. Kijana mpole, ana heshima, amenisalimia kwa mikono miwili. Akapaka ukuta mmoja wa sebule, mimi nimesimama nyuma yake na kipande changu mkononi. Mwanangu, rangi ikiwa bado mbichi, inateleza, ilikuwa imepauka kuliko kipande! Mimi nimesiriba kuta miaka arobaini. Udongo mbichi huwa mweusi, ukikauka unapauka, kila msichana wa huku anajua. Sasa kama mbichi imeshapauka, ikikauka si itakuwa unga wa sembe? Nikamwambia, baba, umeuziwa maji. Akaanza kunieleza. Mimi sisikii, naona mdomo tu unakwenda. Nikaishika ngazi yake nikaitikisa. Akashuka mwenyewe.

Ndoo ameziacha. Ule ukuta nikaufuta wote kwa tambara la maji kabla rangi haijashika, kama tunavyokwangua udongo mbaya. Nimemtuma Evaresta akanunue vichupa vya kahawia vya kukolezea. Kesho nawaita wamama wa jumuiya. Nitaimaliza mwenyewe.

Mama yako

Songea, 28 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Gadiel amenipigia simu. Mama, umemtikisia mtu ngazi akiwa juu! Angeanguka tungesema nini kwa mke wake? Amekasirika, na mimi nimekasirika. Nimemtafuta mtu huyo kwa mwezi mzima, nikambembeleza aje mpaka huko, wewe unamfukuza kabla hajamaliza ukuta mmoja.

Nyumba hiyo ni jasho langu. Miaka sita nalala kwenye kitanda cha kuazima, likizo siji nyumbani ili nauli iwe saruji. Ungeniachia hata rangi tu. Kama hutaki kuingia sema, niwape watu wapangishe, nijue moja.

Naisiae

Songea, 19 Februari 2025

Yeyo,

Shikamoo. Shikamoo tena. Hujambo?

Wiki tatu hujaniandikia. Nikimuuliza Evaresta ananijibu "Mama mzima" basi, na Evaresta ninayemjua mimi hajawahi kusema neno moja mahali penye nafasi ya mia. Kuna nini? Umeumwa? Ukuta umeanguka?

Ile ya kuwapangisha watu niliandika kwa hasira. Sikumaanisha, na hata ningemaanisha sikupaswa kukuandikia mama yangu maneno yale. Nisamehe. Paka rangi unayotaka, paka hata masizi, mimi sitasema kitu. Ila toka kwenye ile nyumba. Kwenye redio wamesema mvua mwaka huu zitawahi. Nikisikia radi huku Songea nashika kifua.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Naisiae

Lengijave, 2 Machi 2025

Naisiae mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya ile ya pili. Mimi mzima. Ukuta haujaanguka. Evaresta nilimwapisha asikuambie kitu, na amekaa nacho wiki tano, nadhani ndiyo maana amekonda.

Umesema paka hata masizi. Nilishapaka.

Siku ile wamama walikuja kumi na wawili, na Namnyaki wa kwaya akatuongozea nyimbo. Nilimwaga vichupa vyote kwenye zile ndoo nne, nikakoroga, nikatazama: kama udongo mbichi kabisa, mweusi mzuri. Tukapaka sebule nzima. Mchana ule nilikuwa na furaha ya bibi harusi. Pale palipotangulia kukauka palizidi kuwa peusi, Namnyaki akanionyesha kwa kidole. Nikamwambia ukuta hauna haraka, maji bado yako ndani, ngojeni siku tatu. Tukangoja siku tatu. Mwanangu, sebule ikawa kama ndani ya chungu cha kupikia. Marumaru yako yanang'aa chini, juu usiku mtupu.

Nikakaa mle ndani peke yangu nikalia. Siku hiyohiyo ndipo Evaresta akaniletea barua yako ya jasho. Niliisoma nimekaa katikati ya ule weusi. Nikasema mwanangu ana haki, amejenga miaka sita, mimi nimeharibu kwa siku moja. Sikunyamaza kwa hasira, Naisiae. Nilinyamaza kwa aibu. Mwanamke niliyefundisha nusu ya wasichana wa Lengijave kusiriba, nimeshindwa na kopo.

Basi nikawa naingia kila siku kutazama, kama mtu anayetembelea kaburi. Siku moja naosha kizingiti, nikakuta matone ya rangi yaliyodondoka nilipotikisa ngazi ya Gadiel. Yale niliyasahau kuyafuta. Yamekauka. Nikakimbia, kukimbia kwa miaka yangu hii, nikaleta kipande cha ukuta nikakiweka kando. Pacha! Huwezi kujua lipi tone lipi udongo. Nikakaa chini pale mlangoni nikacheka mpaka nikakohoa. Kumbe rangi ya kopo ni kinyume cha udongo. Mbichi imepauka, ikikauka inakolea. Kijana alikuwa ananieleza hilo, na mimi naona mdomo tu.

Sasa ya Gadiel nilishaiharibu yote, hata nusu ndoo ya kufanyia kosa la pili hakuna. Ila niliyoharibu ilikuwa imebaki ndoo moja na nusu. Na stoo kuna nini? Kuna nyeupe yako ndoo kumi, zile nilizozitukana. Nikachukua kikombe. Nyeupe vikombe kumi, nyeusi kimoja. Nikapaka kiganja kimoja kwenye ubao, nikauanika juani, nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Nikarudi: imepauka mno. Nikaongeza kijiko cha nyeusi. Siku tisa nilifanya hivyo, ubao ukawa na viganja kumi na moja, na kila kimoja nilikingoja kikauke chenyewe. Hapo ndipo nilipojua kwamba kazi hii naiweza. Nimengoja kuta zikauke maisha yangu yote. Kiganja cha tisa ndicho kilichokuwa chenyewe.

Nikamtuma Evaresta kwa Gadiel na chupa ya asali na neno la kuomba radhi. Akaja. Hakununa. Nikamwonyesha ubao, akauangalia mbele na nyuma, akavua kofia, akaniandikia kwenye karatasi ili nielewe vizuri: "Mama, mashine haijafika hapa." Karatasi ninayo.

Tukagawana. Yeye dari na kule juu, mimi na wamama kuta mpaka tunapofikia. Sebule tumeipaka mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, kuufunika ule weusi. Chumba changu nimekiongezea nyeupe kidogo, kwa sababu dirisha lake linatazama mlima na huku jua la asubuhi linachelewa kuupanda, kisikae kimenuna mpaka saa tatu. Jikoni nimekoleza, moshi ukija usione aibu. Evaresta atakutumia picha. Usiiamini picha sana, kwa macho ni nzuri zaidi.

Zimebaki kuta chache. Wewe lala usingizi.

Mama yako

Songea, 3 Machi 2025

Yeyo, Yeyo, Yeyo,

Shikamoo mara mia!

Nimeisoma barua yako darasani wakati kidato cha pili wanafanya jaribio, nikatoka nje kulia, nikarudi nikacheka, wanafunzi wakaacha jaribio wananitazama mimi. Nimewaambia mama yangu amepaka nyumba. Wakapiga makofi, sijui hata walikuwa wanapigia nini.

Picha nimeziona. Ile sebule! Nilikuwa nimeiwaza nyeupe kwa miaka sita, na sasa naona ningekosea miaka sita. Jua la jioni lilikuwa limeingia dirishani kwenye picha ya tatu, na ukuta umelipokea kama umelizaa wenyewe. Nimempa mwalimu mwenzangu simu aone, akauliza ni hoteli gani.

Yeyo, ulikuwa unalia peke yako kwenye sebule nyeusi na barua yangu mkononi. Hilo linaniuma sana. Usininyamazie tena namna hiyo. Ukiharibu niambie, tuharibu wote.

Mwanao,
Naisiae

Lengijave, 23 Machi 2025

Naisiae mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima wote, na kifua sijui kimekwenda wapi, nakitafuta asubuhi sikipati.

Nimehamia. Nilipaka ukuta wa mwisho tarehe kumi na nne, nikanawa mikono, nikakaa kwenye kigoda katikati ya sebule kungoja ukauke. Ulipokauka nikasimama nikamwambia Evaresta shika kichwa cha kitanda. Sikumngoja mchungaji wala mwanamume yeyote. Kitanda, sanduku, vibuyu, picha ya baba yako, tumevuka navyo uani. Wamama wakapiga vigelegele, mimi nilivisikia, amini usiamini.

Mvua ikaanza Jumatatu. Siku mbili haikukata. Jumatano asubuhi nimetoka na ndoo ya kukamulia nikakuta nyumba ya zamani imekaa chini. Ukuta wa nyuma ndio ulioanza, ukavuta paa, na paa likalalia pale kilipokuwa kitanda changu. Nilisimama kwenye mvua nikatazama. Nilidhani nitalia, Naisiae, miaka arobaini ile. Sikulia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti kubwa mpaka Pembe Moja akageuka. Halafu nikakushukuru na wewe, ndoo zako kumi na ukali wako wote. Ningekuwa nimelala pale, mwanangu. Ulinisumbua, na leo niko hai nakuandikia.

Jana mchungaji amekuja kubariki. Watu wamejaa mpaka nje, wengine nawajua, wengine wamefuata harufu ya nyama. Kila mwanamke anayeingia anapitisha kiganja ukutani na kuniuliza ni udongo wa wapi. Nawaambia uguseni vizuri. Wanagusa, laini, wanashangaa. Gadiel alikuja na mama mmoja Mchaga wa Lemara, anaitwa Mama Anande, ana nyumba kubwa ya juu na chini. Ameshapakiwa mara tatu na mara tatu hajaipenda. Aliingia, akakaa, akatazama kuta mpaka chai ikapoa mkononi. Halafu akaniambia karibu na sikio, "Mama, hii ndiyo ninayoitafuta." Jumanne naenda Lemara na kikombe changu na ubao. Gadiel ananiita fundi mbele za watu. Nimemwambia endelea kuniita hivyo hivyo.

Nimelala humu usiku tisa. Sijisikii mgeni hata siku moja.

Mama yako, mwenye nyumba

Songea, 25 Machi 2025

Yeyo,

Shikamoo, Mama fundi.

Ile habari ya paa kulalia mahali pa kitanda nimeisoma nimesimama, nikakaa. Nimepiga magoti hapahapa chumbani.

Januari nilikuandikia kwamba nyumba hiyo ni jasho langu. Naifuta sentensi hiyo. Matofali ni yangu, sawa. Lakini nimeangalia picha za siku ya baraka, nimewaona watu wanagusa kuta, na wewe umesimama katikati na ile shuka nyekundu, na sikuona kitu changu hata kimoja mle ndani, na Mungu anajua nimefurahi. Nimejenga, wewe ndiye uliyepata nyumba.

Shule inafungwa wiki ya pili ya Aprili. Miaka sita sijaja kulala. Nakuomba ruhusa, Yeyo: nije kwako?

Mwanao,
Naisiae

Lengijave, 27 Machi 2025

Naisiae,

Marahaba. Wazima. Mama Anande ameipenda.

Njoo. Tena njoo na nguo za kuchakaa, kwa sababu kuna chumba kimoja sijakigusa. Ni kile cha upande wa magharibi, kikubwa kuliko changu. Wamama walitaka tukimalize siku ya ukuta wa mwisho, nikawazuia mlangoni. Kiko na plasta tupu hadi leo, na nimekiwekea ndoo mbili na brashi mpya.

Hicho utakikandika mwenyewe. Rangi utachagua wewe, hata ukitaka nyeupe, nitakaa kimya. Nitakaa na wewe tungoje ikauke.

Yeyo wako